Taarifa za kuonekana kwa wanyama adimu wa jamii ya paka: zinapimwaje?

Mtunza_Daftari aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote.

Mimi ni mmoja wa watu wa kujitolea wanaotunza daftari la taarifa za wanyamapori katika msitu ambao sitautaja jina, kwa sababu ambazo naamini mtazielewa. Kwa miaka mingi haujapatikana ushahidi wowote uliothibitishwa kwamba chui bado yumo katika msitu huo, ingawa wazee wanakumbuka enzi ambazo alikuwemo. Katika miezi kumi na minne iliyopita tumepokea taarifa 41 za watu wanaosema wamemwona, na sasa tunatakiwa tutoe maoni ya maandishi.

Nitaeleza taarifa nne zinazonisumbua zaidi. Ya kwanza ni ya dereva wa lori aliyemwona mnyama mweusi mwenye mkia mrefu akikatiza barabara usiku mbele ya taa za gari, kwa muda ambao yeye mwenyewe anaukadiria kuwa sekunde mbili au tatu. Ya pili ni picha ya simu ya mnyama aliyesimama pembeni mwa majani marefu, karibu na kalavati; imepigwa kutoka mbali, na ukiikuza inabaki mabaka ya rangi tu. Ya tatu ni picha ya unyayo kwenye tope, unaoonekana vizuri sana, lakini hakuna kitu chochote kilichowekwa kando yake cha kuonyesha ukubwa. Ya nne ni ya mzee aliyekuwa mwindaji kwa zaidi ya miaka thelathini, anayesema alimwona chui mchana kweupe akishuka mtini, umbali wa hatua kama mia mbili. Mzee huyu ni mtu wa kuheshimika, hana sababu ya kutudanganya, na anaujua msitu huo kuliko mimi.

Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema kwamba watu 41 hawawezi wote kukosea, na penye moshi hapakosi moto. Wapo wanaosema kwamba bila mzoga au picha safi tuandike kwamba chui hayupo, tufunge daftari. Mimi siridhiki na upande wowote kati ya hizo mbili, lakini sina hoja ya kuwaeleza kwa nini. Naomba anayejua kazi hii anisaidie: ushahidi wa aina hii unapangwaje kwa uzito, na je, neno la mtu mwaminifu kama mzee wetu linatosha? Pia ningependa kujua namna ya kumwuliza shahidi maswali bila kumfanya ajione kuwa anashukiwa kwa uongo.

Nyayo_Nne alijibu:

Ndugu Mtunza Daftari, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linaloharibu kazi nyingi. Uaminifu wa shahidi na usahihi wa alichokiona ni mambo mawili tofauti, na ukiyachanganya utamkosea heshima mtu mwema au utaandika habari isiyo sahihi. Mtu anaweza kusema kweli tupu kuhusu kile ambacho macho yake yalimwonyesha, na bado mnyama yule akawa mwingine. Kwa hiyo unapomhoji usimwulize kama ana uhakika, maana swali hilo humlazimisha ajitetee, na kila anapojitetea kumbukumbu yake inazidi kuwa ngumu na safi kuliko ilivyokuwa. Mwulize alikuwa amesimama wapi, jua lilikuwa upande gani, mnyama alikuwa anaelekea wapi, na ni kitu gani kilichokuwa karibu naye ambacho bado kipo na kinaweza kupimwa. Mwache asimulie mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, kisha ndipo urudi kwenye vipengele. Mwombe achore hata kama hajui kuchora; mahali anapouweka mkia na urefu anaoupa miguu hukueleza mengi. Na tafadhali usimwonyeshe picha ya chui kabla hajamaliza, kwa kuwa ukishamwonyesha hutajua tena kama anakumbuka alichokiona porini au alichokiona mkononi mwako.

Kuhusu kupanga uzito, upo utaratibu ambao mimi nauona kuwa bora kwa daftari dogo kama lenu. Wataalamu wanaofuatilia linksi, paka-mwitu wa Ulaya mwenye mkia mfupi, katika milima ya Alps, chini ya mradi unaojulikana kwa kifupi kama SCALP, hugawa taarifa zote katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni ushahidi usiopingika: mnyama aliyekufa au aliyekamatwa, picha inayomtambulisha bila shaka, au sampuli iliyothibitishwa kwa vinasaba. Daraja la pili ni dalili kama mawindo yaliyouawa au nyayo, lakini ziwe zimekaguliwa na mtu aliyefunzwa kuzisoma. Daraja la tatu ni dalili ambazo hazikukaguliwa, pamoja na yale yote ambayo kwa asili yake hayawezi kukaguliwa, yaani sauti zilizosikika na mnyama aliyeonekana kwa macho. Utaratibu huo umefaa kiasi kwamba umetumiwa pia kwa mbwa-mwitu wa Ulaya.

Tazama jambo moja hapo, maana ndilo jibu la swali lako kuhusu mzee. Kuonekana kwa macho kunaingia daraja la tatu hata kama aliyeona ni profesa wa wanyamapori. Daraja halimpimi mtu. Linauliza kama kuna kitu kilichobaki ambacho mtu wa pili, asiyekuwepo, anaweza kukishika na kukichunguza upya. Mzee wako anapowekwa daraja la tatu hajashushwa hadhi, na ukimweleza hivyo ataelewa, kwa sababu mwindaji anajua kwamba anayerudi bila ngozi hana cha kuwaonyesha wenzake. Ukienda naye hadi kwenye mti ule, mkakuta mikwaruzo ya makucha kwenye gamba na unywele ulionasa kwenye ufa, taarifa yake inapanda daraja siku hiyohiyo.

Kwa taarifa zako nne, mimi ningeandika zote daraja la tatu kwa sasa. Picha ya kalavati na picha ya unyayo bado zinaweza kupanda. Ya dereva haitapanda kamwe, na hilo si kosa lake.

Hesabu_za_Pori alijibu:

Naungana na Nyayo Nne, ila naomba niijibu hoja ya wenzako wanaosema kwamba watu 41 hawawezi wote kukosea. Wanaweza kabisa, bila hata mmoja wao kuwa mzembe.

Chukua mfano wa kubuni. Tuseme katika kipindi chako cha miezi kumi na minne, watu wanaopita kandokando ya msitu walikutana mara 40,000 na wanyama wa kawaida wanaoweza kudhaniwa kuwa chui: paka wa nyumbani, mbwa, kanu, ngawa, mondo, nyakati za magharibi, alfajiri au usiku. Tuseme pia kwamba macho ya watu hao ni mazuri mno, kiasi kwamba wanakosea mara moja tu katika kila elfu. Hesabu hiyo inakupa taarifa 40 zisizo sahihi, na msituni hakuna chui hata mmoja. Sasa mweke chui mmoja halisi, msiri kama walivyo chui, aonekane mara moja tu kwa kipindi chote. Daftari lako litakuwa na taarifa 41, na moja tu ndiyo ya kweli, wala hakuna chochote kwenye karatasi kitakachokuambia ni ipi.

Ndiyo maana uadimu wenyewe hubadilisha kiwango cha ushahidi. Mahali ambapo chui wamejaa na kila mtu anajua hivyo, neno la mpita njia linatosha, kwa kuwa makosa machache yanamezwa na ukweli mwingi. Mahali ambapo mnyama hajathibitishwa kwa miaka mingi, kosa dogo lilelile humeza ukweli wote. Kevin McKelvey na wenzake wawili wa idara ya misitu ya Marekani waliitetea hoja hii mwaka 2008 katika jarida la BioScience, wakisisitiza kwamba kadiri mnyama anavyozidi kuwa adimu ndivyo masharti ya ushahidi yanavyopaswa kuwa makali zaidi. Watu wengi hufanya kinyume: mnyama akiwa adimu wanashika chochote kinachopatikana, kwa sababu kinachopatikana ni kidogo.

Angalia pia tarehe katika daftari lako. Je, taarifa zilikuwa mbili au tatu kwa mwezi tangu mwanzo, au zilifurika baada ya mtu wa kwanza kusimulia hadharani? Watu kumi waliosikia habari ya mtu mmoja kabla ya kuona hawahesabiwi kama mashahidi kumi, kwa kuwa jicho linalotafuta chui humpata kwa urahisi.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu hakimhitaji mtu kubishana. Marekani ya Kaskazini watu huripoti mara kwa mara kuona paka wakubwa weusi, na wengi huamini kwamba ni puma, yaani paka mkubwa wa rangi ya hudhurungi wa mabara ya Amerika. Lakini puma mweusi hajawahi kuthibitishwa popote, si kwa ngozi, si kwa mzoga, ingawa puma wamewindwa kwa maelfu kwa karne nyingi. Taarifa hizo basi zinatupa picha ya ukubwa wa kosa la jicho. Katika daftari lako, hesabu ni ngapi zinazosema "mweusi". Chui weusi wapo kweli, lakini ni wachache mno miongoni mwa chui, na kama nusu ya taarifa zako ni za mnyama mweusi, kuna jambo jingine linaloonekana huko, na mara nyingi jambo hilo ni giza lenyewe. Dereva aliyemwona mnyama mbele ya taa kwa sekunde mbili aliona umbo zaidi ya rangi.

Mzee_wa_Kambi alijibu:

Wanangu, nimewasoma kwa makini na ninakubaliana na hesabu, lakini nina wasiwasi ambao lazima niuseme. Mnapokaza masharti mnafikiria kosa la upande mmoja tu, yaani kumwandika mnyama asiyekuwepo. Lipo kosa la upande wa pili: kumfuta mnyama aliyepo. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo sentensi "hakuna ushahidi uliothibitishwa" ilisomwa kwa sauti, na kabla ya saa ya chakula ilikuwa imekwisha geuka kuwa "mnyama huyo hayupo", na kwa msingi huo sehemu ya msitu ikaruhusiwa kukatwa. Hakuna aliyesema uongo mezani pale. Neno moja lilidondoka njiani, basi. Hadi leo linaniuma, kwa sababu hakuna kamera hata moja iliyokuwa imewahi kuwekwa kule ndani.

Wanaotembea msituni kila siku ndio hugundua kwanza, na wasomi hufuata. Wenyeji wa Laikipia walikuwa wakisema wamewaona chui weusi. Watafiti walizichukulia taarifa hizo kwa uzito, wakaweka kamera za kutega katika hifadhi ya Loisaba, na mwaka 2018 kamera zikamnasa chui jike mchanga mweusi. Picha za usiku zilizopigwa kwa miale ya infraredi zilionyesha hata madoa yake ya mviringo chini ya weusi ule. Vyombo vya habari vilikimbilia kutangaza kwamba ni wa kwanza kuonekana Afrika kwa miaka mia, jambo ambalo halikuwa sahihi, kwa maana picha nyingine za chui weusi zilikuwa zimepigwa katika eneo hilohilo miaka ya nyuma. Lakini kiini cha habari kinabaki palepale. Bila wale waliotaja walichokiona, bila daftari lililohifadhi maneno yao, kamera zingewekwa wapi?

Kwa hiyo, Mtunza Daftari, usiwaruhusu wenzako wafunge hilo daftari. Andika kwamba haijathibitishwa, na katika mstari uleule andika umetafuta kwa njia gani, kwa siku ngapi, na kamera ngapi. Kama hujatafuta, andika kwamba hujatafuta. Msomaji aone kwamba ukimya wa msitu ni ukimya wa mtu ambaye hajaulizwa.

Hesabu_za_Pori alijibu:

Shikamoo Mzee. Uliyoyasema ni ya kweli na nilipaswa kuyasema mimi. Nikubali pia kwamba mfano bora wa upande wako unatoka kwa hao puma niliowataja. Machi 2011 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia samaki na wanyamapori lilitangaza kwamba puma wa mashariki mwa nchi hiyo ametoweka. Juni mwaka huohuo, gari likamgonga puma dume huko Milford, Connecticut, mbali kabisa na mahali popote ambapo puma wanajulikana kuishi. Vinasaba vyake vilionyesha kwamba asili yake ni milima ya Black Hills ya Dakota Kusini, na vikalingana na sampuli zilizokwisha kuokotwa Minnesota na Wisconsin. Mnyama mmoja alikuwa ametembea zaidi ya kilomita 2,400.

Ninachojifunza hapo ni mambo mawili. Watu waliomwona puma yule siku chache kabla ya kugongwa walikuwa sahihi, ingawa maelfu waliotangulia kuripoti puma katika majimbo hayo hawakuwa na cha kuonyesha. Na mnyama wa kweli, hata akiwa peke yake katika safari ndefu namna hiyo, aliacha nyuma yake kinyesi, nywele na picha za kamera. Chui aishiye miaka kumi katika msitu mmoja ataacha zaidi ya hapo, mradi yuko mtu wa kuokota.

Sanduku_la_Fuvu alijibu:

Mimi hushughulika zaidi na vitu kuliko na watu, kwa hiyo nitazungumzia picha na nyayo, na neno moja kuhusu mifupa.

Picha ya kalavati imenifurahisha mno, kwa sababu kalavati halihami. Niliwahi kuletewa picha ya namna hiyo, mnyama wa rangi nyeusi akiwa ukingoni mwa njia, na watu wenye akili timamu walimkadiria kuwa na kimo cha sentimita 60 begani. Tulirudi mahali pale na aliyepiga picha, tukamwomba asimame palepale na kuishika simu kwa kimo kilekile, bila kukuza. Mwenzangu akatembea na ubao tuliokuwa tumeupaka mistari myeupe na myeusi, kila mstari sentimita 10, akawa anausogeza hatua moja moja hadi kitako chake kikakaa kwenye jiwe ambalo katika picha ya kwanza lilikuwa limegusana na mguu wa mbele wa mnyama. Tulipoziweka picha mbili juu ya nyingine, bega la mnyama lilifika chini kidogo ya mstari wa tatu. Alikuwa paka wa nyumbani, mnene kiasi. Aliyepiga picha alikaa chini akaitazama simu kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba yeye bado anamkumbuka akiwa mkubwa. Sikumbishia, maana ndivyo anavyomkumbuka. Fanyeni hivyo kwa kalavati lenu kabla mvua hazijabadilisha ukingo.

Dai pia faili halisi kutoka kwenye simu, si nakala iliyopita mikononi mwa watu wengi, na uombe picha zote alizopiga dakika ile, hata zile mbaya. Picha moja nzuri isiyo na jirani ni ya kutiliwa shaka, hasa siku hizi ambapo kompyuta inaweza kuunda chui ambaye hajawahi kuzaliwa. Mwaka 2007 idara ya misitu ya jimbo la Shaanxi, nchini China, ilitangaza kwa fahari picha za chui milia wa kusini mwa China zilizopigwa na mkulima. Picha zilikuwa nyingi, na hilo ndilo lililoziumbua: mpigaji alibadilisha mahali pa kusimama lakini chui hakubadilisha hata pozi la sikio, na milia yake ililingana mstari kwa mstari na ya chui aliyechorwa kwenye bango la mwaka mpya. Mwaka uliofuata ilithibitishwa kwamba ni udanganyifu. Milia na madoa ya wanyama hawa ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana, na hilo linatusaidia katika pande zote mbili: picha safi ya ubavu humtambulisha mnyama mahususi, na pia huonyesha kama picha hiyohiyo imeokotwa kwingine.

Kwa unyayo usio na kipimo, usiutupe. Ukubwa hutaupata, lakini umbo unalo. Unyayo wa jamii ya paka una vidole vinne visivyo na alama ya kucha, isipokuwa kwa duma ambaye makucha yake hayafichiki kikamilifu, na kitako chake kikubwa kina mawimbi matatu upande wa nyuma. Mbwa na fisi huacha alama za kucha. Ukiona mawimbi matatu na hakuna kucha, una mnyama wa jamii ya paka, lakini anaweza kuwa chui, simbamangu, mondo au paka wa jirani, na tope laini huupanua unyayo hata mdogo ukaonekana mkubwa. Safari ijayo kila mtu abebe rula, aiweke sambamba na unyayo katika usawa uleule wa ardhi, apige kutoka juu kabisa bila kuinamisha simu, na asiridhike na unyayo mmoja. Mwendo wa nyayo sita mfululizo una thamani kuliko unyayo mmoja mzuri.

Kuhusu dereva, fikirieni mondo. Wapo mondo weusi tangu kuzaliwa, hasa maeneo ya miinuko, na mondo mweusi katika taa za gari ana miguu mirefu inayomfanya aonekane mkubwa. Tofauti iko kwenye mkia: wa mondo ni mfupi, kama theluthi tu ya mwili, ilhali wa chui ni mrefu na mzito. Dereva wenu alisema mkia mrefu, kwa hiyo mwulizeni, bila kumwongoza, mkia ulifika wapi ukilinganishwa na visigino.

Na mfupa nao hupotosha. Mwaka 1995 wizara ya kilimo ya Uingereza ilichunguza habari za "mnyama wa Bodmin", paka mkubwa aliyesemekana kuonekana katika nyanda za Bodmin kusini-magharibi mwa nchi hiyo, na kusema haikupata ushahidi wa kuthibitisha. Muda mfupi sana baadaye mvulana akaokota fuvu katika mto Fowey, na lilikuwa kweli fuvu la chui. Makumbusho ya historia ya viumbe ya London ililichunguza, ikakuta alama za kisu, sehemu ya nyuma imekatwa kama inavyofanywa kwa ngozi za kutandika sakafuni, na ndani kulikuwa na ganda la mayai ya mende wa nchi za joto. Chui alikuwa halisi, ila alifika Uingereza akiwa zulia. Kwa hiyo kila mnachookota kiandikwe kimeokotwa na nani, saa ngapi, wapi, na kimepita mikononi mwa nani hadi kufika kabatini.

Nyayo_Nne alijibu:

Naongeza jambo dogo kutokana na hilo la zulia. Hata mnyama mwenyewe akikamatwa akiwa hai, maswali hayajaisha. Mwaka 1980 puma alinaswa karibu na Cannich, Scotland, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya kuonekana kwake, na alipochunguzwa alionekana kuwa mpole mno kwa watu, kama mnyama aliyelelewa. Waliosema ni puma walikuwa sahihi, lakini haikumaanisha kwamba puma wanaishi na kuzaana Scotland. Katika daftari tenganisha safu nne: je, ni mnyama huyo, je, ni wa mwituni, je, anaishi hapo au anapita, je, anazaa. Taarifa nyingi hujibu ya kwanza tu, na watu husoma zote nne.

Mahali kamili pa taarifa zitakazopanda daraja pasiwekwe mbele ya macho ya kila mtu. Mtego wa waya hausomi daftari, lakini anayeutega anasoma.

Mtunza_Daftari alijibu:

Nawashukuru sana, na Mzee, shikamoo. Nimekaa na daftari tangu jana jioni. Kati ya taarifa 41, kumi na tisa zinasema mnyama alikuwa mweusi, na ishirini na sita zimekuja katika miezi mitatu baada ya habari ya dereva kusambaa. Zilizoandikwa kabla ya hapo ni kumi na tano, na kumi na moja kati ya hizo zinaangukia upande mmoja wa msitu, kwenye bonde ambalo hatujawahi kuweka kamera. Mti wa mzee uko katika bonde hilo. Nilikuwa sijawahi kuzipanga kwa tarehe wala kwa mahali.

Aliyepiga picha ya kalavati bado ana faili halisi, na picha nyingine saba ambazo hakuwahi kutuonyesha kwa sababu aliona hazifai. Nimempigia simu dereva nikamwuliza kuhusu mkia kama nilivyoelekezwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba anaukumbuka ukiwa umejikunja juu mwishoni, na kwamba hakumbuki visigino. Nimeandika hivyo hivyo bila kuongeza neno.

Mzee nilimwendea mwenyewe asubuhi. Nilimweleza madaraja matatu, nikiwa na hofu kwamba atachukia. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama unywele mmoja unatosha kwa hao watu wa vinasaba, nikamwambia unatosha ukiwa na shina lake. Akaingia ndani akatoka na panga na bahasha ya karatasi. Jumamosi tunaondoka naye saa kumi na moja alfajiri, tukiwa na rula mbili, ubao wa mistari na kamera nne tulizonazo, na yeye ndiye atakayechagua zifungwe wapi.